Joto la Kifungua Mimba

Boneti ilikuwa baridi.

Mwamvua aliigusa kwa bahati tu, akipita na beseni la nguo uani kwao Nyahanga, Kahama, adhuhuri moja ya jua la kupasua kichwa. Mumewe, Akida, alikuwa ndiyo kwanza amezima gari baada ya kulikimbiza kutoka Shinyanga, na vumbi lilikuwa halijatua bado. Tangu aolewe, Mwamvua hajapata kuliona gari lile likirudi nyumbani bila kufuka mvuke kama chungu cha makande. Leo limetulia. Akabandika kiganja kizima. Baridi, ile baridi ya mtungi uliolala kivulini, na alipokiondoa kiganja kilikuwa na majimaji yenye harufu ya kutu.

"Baba Tabu, hebu njoo ushike hapa."

"Nishike nini tena?" Akida alikuwa anacheka peke yake huku anafuta mikono kwa tambara. "Limepona, Mama Tabu! Sindano ya joto haikupanda toka Shinyanga mpaka hapa. Hata kutikisika! Sasa waite hao wanaonicheka."

"Lakini injini si lazima ipate moto? Shuleni tulifundishwa joto halipotei, linahama tu, linakwenda..."

"Shuleni." Akamfinya shavu. "Huko shuleni mlikuwa na gari?"

Mwamvua akacheka. Ndani, Tabu, binti yao aliyekuwa anajifunza kusimama na hajasema neno hata moja, alikuwa amenyamaza ghafla. Asubuhi yote alilia, mwili unachemka, klorokwini kaitema, na sasa kalala ametulia, paji la uso limepoa. Mama akamshukuru Mungu. Alipomwinua akaona kwenye mto wa kulalia alama ya jasho la mtoto, nyekundu iliyofifia, kama alama inayoachwa na msumari uliolowa.

Hakuifikiria. Akaifua.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili, la daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao Ulaya. Halikubeba pamba wala abiria. Akida alikuwa karani wa ghala la pamba, na wenzake walipokwenda kwenye bao na dansi yeye jioni alivua shati la ofisini akaingia chini ya injini. Ugonjwa wa injini ile ulikuwa mmoja, kuchemka. Alitoa temostati, akairudisha. Alisafisha rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, kwa magadi. Alibadilisha mkanda wa feni, akatoboa matundu kwenye bati la mbele ili upepo upite, na bado kila kilima kilimkuta kasimama kando ya barabara na debe la maji, mvuke unampiga usoni. Mtaa ukampa jina: Baba Gari. "Baba Gari, mwanao hajambo?" wanamuuliza wakipita. Naye anajibu kwa sauti ya mzazi mwenye mashaka, "Hajambo, anachemka kidogo tu," na watu wanavunjika mbavu. Anachemka, siyo linachemka. Kama mtu.

Siku Mwamvua aliporudi kutoka hospitali na kichanga, Akida aliwapitisha kwanza kwenye boneti. "Kifungua mimba wangu," akaliambia gari, "huyu ndiye mdogo wako. Nguo zikikubana utamwachia." Mwamvua naye alicheka, alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Sabasaba ya mwaka ule yaliandaliwa mashindano ya magari, Kahama mpaka Shinyanga na kurudi. Akida akawa barabarani kila siku anajinoa. Na kila siku Tabu anachemka, kisha anapoa, kisha anachemka, hana kikohozi, hana tumbo, na nguo zake zote zimeanza kuwa na rangi ile ya msumari.

Alasiri moja Akida alikuwa uani, injini inanguruma, na mtoto akashikwa vibaya. Macho yakageuka juu. Mwamvua akatoka mbio naye mikononi, "Baba Tabu, hospitali! Hospitali sasa hivi!"

Akida akasita. Akaitazama swichi, akamtazama mtoto. "Twende kwa miguu," akasema.

"Kwa miguu? Gari linawaka mbele yako, unasema kwa miguu? Mwanao anakufa!"

Majirani walishachungulia. Akafungua mlango. Mwamvua akaingia na mtoto kifuani, na gari likatoka polepole, polepole mno, na yeye anampiga mumewe begani kwa ngumi, kaza mwendo, kaza, kwa nini unatambaa, na Akida anakaza, na kila anapokaza mtoto anazidi kuwa kaa la moto, mpaka kanga iliyowatenganisha ikaanza kunuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na Mwamvua katikati ya kilio chake akaiona ile geji ya joto mbele ya stiringi, sindano imelala chini kabisa upande wa baridi, haisogei, haitetemeki, wakati miguu yake mwenyewe ilikuwa inakufa ganzi kwa ubaridi uliopenya kutoka kwenye injini.

Walisimama mlangoni mwa hospitali. Akida akazima.

Muuguzi wa zamu, Paskalia, alimpokea mtoto, akamwekea kipimajoto kwapani, akakitazama, akakikung'uta, akamwekea tena. Kisha akaweka mikono kiunoni.

"Mama Tabu, mtoto huyu ni mzima."

"Dada, alikuwa anaungua! Muulize baba yake!"

"Mzima, na amelala. Wewe ndiye wa kulazwa, jitazame unavyotetemeka." Akainusa kanga. "Na mtoto umemwogesha na nini? Ananuka kutu."

Mwamvua akageuka kumtafuta mumewe amsaidie kusema. Akida alikuwa anatazama ukuta.

Jumapili iliyofuata mtaa ulikuwa kimya. Enzi zile Jumapili ikifika saa nane mchana magari yalikuwa marufuku barabarani, nchi inabana mafuta, na ukimya ule ulikuwa mzito kiasi kwamba baiskeli ikipita unaigeukia. Akida alikuwa amejifungia na gari kwenye banda la mabati. Kuendesha ni marufuku, kuwasha na kusikiliza injini siyo. Ikaanza kunguruma chini chini, na Tabu naye ndani akaanza.

Mwamvua akambeba mgongoni, akaenda kumwita Akida. Mlango wa banda ulikuwa umeacha mwanya. Kilichomsimamisha kwanza ni baridi, iliyotoka kwenye mwanya ule ikamlamba miguu, kutoka kwenye banda la mabati lililopigwa na jua tangu asubuhi. Kisha harufu ya kutu na ya tope la chini sana ardhini, tope lisilowahi kuona mwanga. Kisha akaona mfuniko wa rejeta umefunguliwa na injini inazunguka, jambo ambalo Akida mwenyewe alimkataza hata kulisogelea kwa sababu maji yale yakiruka yanambabua mtu uso, na Akida ameinama hapo hapo, vidole vyake vimezama kwenye shingo ya rejeta, anavichezesha majini taratibu kama mtu anayempapasa mtoto utosi, na ndani humo kitu kilikuwa kinameza, gub, gub, gub, jinsi mtoto anavyonyonya akiwa na njaa.

Kisha kikasema. Sauti ilikuwa ya kitoto, ndogo, inavuma kama mtu anayeongea ndani ya debe.

"Baba. Mdogo wangu analia."

Akida hakushtuka. Laiti angeshtuka!

"Ataacha," akanong'ona. "Nikizima ataacha."

"Anachemka."

"Najua anachemka. Tuvumilie, mwanangu. Ni mpaka Sabasaba tu."

Mwamvua akarudi kinyumenyume mpaka jikoni, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Baada ya kitambo injini ikazimwa, na mtoto akapoa hapo hapo mgongoni kwake, kama sufuria iliyoteguliwa motoni.

Akida akaja ananawa mikono. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana. "Homa imeshuka?" akauliza, kwa upole, kwa huruma kabisa. Mwamvua akamtazama yule mtu aliyekula naye, aliyelala naye, akaona anauliza jambo ambalo jibu lake analo yeye mwenyewe.

"Sabasaba utakwenda?"

"Niache kwa sababu gani?"

"Mtoto mgonjwa, Baba Tabu."

"Malaria hiyo. Mtoto gani wa Kahama hana malaria?" Akavuta sahani.

Kesho yake Mwamvua alikwenda kwa Maduhu, fundi wa magari, rafiki wa Akida wa kufa na kuzikana. Alimkuta chini ya lori. Maduhu alipoona miguu yake na kusikia mtoto anavyohema, hakutoka.

"Mwadila, shemeji," akamsalimu kwa Kisukuma kutoka huko huko chini.

"Toka, Maduhu. Nimekisikia kinaongea."

Spana ikaanguka. Maduhu akatoka taratibu, mafuta usoni, akakaa kwenye tairi bila kumtazama. "Mayu wane, mama yangu," akanong'ona. "Nilimwambia amwage yale maji. Namwapia Mungu nilimwambia."

"Maji gani?"

"Ya Geita. Tulipita kule karibu na Kalangalala, kwenye lile shimo la zamani la dhahabu lililoachwa. Gari lilikuwa linachemka, maji tumemaliza. Wachimbaji wakasema msichote humo, lile shimo lina mwenyewe, hata mchana halichotwi. Akida akacheka. Unamjua. Akashusha debe kwa kamba, na debe likashikwa, shemeji. Likashikwa huko chini, na sauti ikauliza, mtoto wa nani anachemka?"

"Mtoto?"

"Si alikuwa amekaa juu ya shimo anasema kama kawaida yake, pole mwanangu, unachemka, baba anakuletea maji! Akajibu, wa kwangu, kifungua mimba. Ikauliza, ana mdogo? Akasema anaye. Ikauliza, nikimpoza mkubwa, joto lake nimvishe nani? Mimi nilishaanza kukimbia. Nikamsikia nyuma yangu anacheka, anasema, mvishe mdogo wake, si ndiye anayerithi nguo za kaka?"

Mwamvua akashika ukuta. "Alikuwa anatania."

"Siku ile alikuwa anatania." Maduhu akainua uso. "Wiki ile ile mtoto alipoanza homa nikaja kwenu, nikamwambia, Akida, mwage, huyu mtoto anavaa joto la gari. Akawasha, akasikiliza mtoto analia ndani. Akazima, akasikiliza amenyamaza. Akawasha tena. Shemeji, aliwasha tena ili apate hakika. Kisha akaniambia, 'Unaona? Nikizima anapoa. Hafi.'"

Mwamvua hakulia. Machozi yalikuwepo, lakini yalikaa nyuma, hayakupata njia. Kutoka Kahama mpaka Shinyanga na kurudi, gari linakimbizwa kwa nguvu zake zote bila kuzimwa. Alikumbuka ile kanga iliyonuka kama imesahauliwa chini ya pasi, na hospitali haikuwa mbali vile.

Nyamizi aliishi nyuma ya soko. Alipika pombe ya mtama, alitibu watoto, na hakuwa na subira na mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga mlango, nzi wataniingilia." Akamchukua Tabu, akamnusa nywele, akapiga chafya. "Huyu amevishwa. Baba yake fundi?"

Mwamvua akamweleza yote kwa pumzi moja, maneno yanakanyagana, nitamwaga maji yale usiku huu, nitampeleka mtoto kwa mama yangu Shinyanga, nitamwagia gari mafuta ya taa niliteketeze.

"Nyamaza. Ukimwaga maji, kitatoka kitafute chombo kingine kilichozoea joto lake, na hicho chombo umekishika hapo. Ukihama naye, udugu hauachwi kituo cha basi." Nyamizi akatema tumbaku. "Kilichomfunga mtoto ni neno la baba. Baba amesema hawa ni ndugu. Sasa nyumba yenu ina mama au haina?"

"Ina mama."

"Basi mama na aseme kazaa nani. Siku hiyo hiyo ya mashindano, kabla ya jua kupanda, fungua kile kifuniko, mnyonyeshe mwanao mbele yake, umwambie. Lakini nisikilize vizuri, maana nyie mliosoma mnasikiliza nusu nusu. Maziwa yasidondoke. Hata tone. Kikionja ziwa lako, kimekuwa mwanao kweli, na hapo mimi usinijie."

Asubuhi ya Sabasaba Akida alipokuwa anaoga, akipiga mluzi, Mwamvua aliingia bandani na Tabu. Akazungusha mfuniko. Harufu ikampanda kichwani. Maji yalikuwa meusi, yametulia, na hayakuonyesha sura yake. Akatoa titi, akamnyonyesha mtoto palepale, mkono wake mwingine ameukinga chini ya kidevu cha Tabu, na maneno yakamtoka haraka haraka, kwa kunong'ona:

"Mimi ndiye mama wa nyumba hii, mimba nimeibeba moja, kifungua mimba wangu ni huyu, hana kaka, hana dada, wewe sikukuzaa, hukunyonya hapa, huna mama wewe, unaye baba tu, kama una joto mvishe baba yako, yeye ndiye aliyekuita mwana, mvishe yeye."

Maji yakacheza. Gub. Sauti ikauliza, kwa unyonge, "Sina mama?"

Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo sana. Mwamvua akashtuka kama mama yeyote anavyoshtuka, mwili ukamsaliti, maziwa yakamjia kwa nguvu, na Tabu akaachia titi. Akafunika kifua kwa kanga upesi, akarudisha mfuniko. Kiganja alichokinga kilikuwa kimelowa. Alitazama chini, akatazama shingo ya rejeta. Hakuona tone. Hakuona, lakini bandani hapakuwa na mwanga wa kutosha.

Jua lilipotoka mtaa mzima ulikuwa uani. "Baba Gari oyee!" Vibendera, vigelegele, watoto wamekalia ukuta. Akida amevaa kofia mpya. Kule barabarani magari ya wenzake yalishaanza kunguruma. Akaingia, akashusha kioo, na Mwamvua akasogea dirishani, mtoto mgongoni, furushi kichwani.

"Unakwenda wapi na furushi?"

"Nimeongea na mwanao," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo wa ndani ya rejeta. Nimemwambia Tabu si mdogo wake. Leo joto utavaa wewe."

Akida akacheka, meno tu. "Mama Tabu, watu wanatusikia. Mambo gani hayo ya waganga?"

"Basi ni malaria. Washa."

"Nitawasha. Sogea."

"Washa, Baba Tabu."

Akaingiza ufunguo kwenye swichi. Na Mwamvua, pamoja na yote, pamoja na banda na Maduhu na kanga iliyoungua, alijikuta moyoni anamwomba awashe. Awashe tu, kwa ujinga, kwa kutokuamini, awashe kama mtu anayefikiri kweli mwanawe ana malaria, ili yeye apate mahali padogo pa kumsamehe. Vidole vya Akida vilikuwa kwenye ufunguo. Vikakaza. Jasho likamtiririka kutoka chini ya kofia mpya. Watu wakapiga makofi, washa, Baba Gari, washa! Akaitazama sindano iliyolala. Akamtazama Tabu, mara ya kwanza kwa siku nyingi akamtazama vizuri.

Kisha akachomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi.

"Nadhani betri," akasema. "Leo betri imekufa."

Mwamvua akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu ambalo hakulitaka. Kwa mtoto uliwasha, alitaka kumwambia. Kwa mtoto uliwasha, ukazima, ukawasha tena. Akapasua kundi la watu, akashika njia ya stendi.

Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia nyuma yake injini ikiwaka yenyewe, kwa mlio mmoja mzito, ikipanda, ikipanda kama inayokimbizwa mlimani, na makofi ya watu yakageuka mayowe, na katikati ya mayowe sauti ya Akida, "Maji! Mama Tabu, maji! Nifungulieni, nileteeni maji!" na madebe yakagongana, na mlango ukapigwapigwa kutoka ndani.

Hakugeuka. Akapeleka mkono mgongoni, akagusa paji la uso la mwanawe. Lilikuwa limepoa, zuri, kavu, la mtoto yeyote.

Tabu alikuwa amejigeuza kwenye mbeleko anatazama walikotoka. Akanyoosha kidole. Na lile neno la kwanza ambalo mama yake alilingoja miezi yote ile, ambalo alijua lingekuwa mama, au kwa bahati mbaya baba, likatoka wazi, kwa furaha, kama anamwita mtu anayewafuata:

"Kaka."